Watani wa Kilimani

Mwenze hakuweza kuamini kwamba mpwa wake ni mwizi, kwa sababu yeye mwenyewe ndiye aliyemfundisha kuchukua.

Barua ilifika Kabuta, ufuoni mwa ziwa Mweru upande wa Zambia, Jumanne moja ya mwezi wa tatu, mwaka 1974, mfukoni mwa mchuuzi wa baiskeli aliyeteremka kutoka bara kuja kununua samaki. Ilikuwa ya Kiingereza, imepigwa mashine. Mwenze alikuwa mfanyabiashara wa samaki kati ya kisiwa cha Chisenga na nchi kavu. Alizaliwa Pweto, upande wa Kongo, na shule yake ilikuwa ya Kifaransa, tena haikufika mbali. Kwa hiyo aliipeleka barua kwa katekista, naye akaisoma mara mbili, mara ya kwanza kwa ajili yake mwenyewe. Ilisema kwamba Chabu Sampa, msichana mwenye umri wa miaka kumi na mmoja, amemwibia mwanafunzi mwenzake mara tano. Tena amemtishia kwamba atamzika. Mkubwa wake afike shuleni Alhamisi, ijulikane kama mtoto atabaki au ataondoka.

Dada yake Mwenze, Germaine, mama wa huyo Chabu, alikuwa akigeuza samaki juu ya uchanja alipopewa habari.

"Kumuzika?" aliuliza. "Kumuzika nani?"

"Mutoto ya muzungu."

"Sasa ule muzungu amekufa?"

"Hapana. Iko muzima."

Germaine akaacha samaki. Alimtazama kaka yake kwa muda, kama mtu anayetazama wingu na kukumbuka nguo alizoanika.

"Yaya," akasema, kama kaka mkubwa anavyoitwa huko, "weye ulimwambia nini huyu mutoto?"

Katika ufuo wa Mweru mtu huzaliwa ndani ya ukoo wa mama yake, na kila ukoo una watani wake, ambao huko huitwa banungwe, na mmoja wao munungwe. Mwenze, Germaine na Chabu walikuwa wa ukoo wa Samaki. Watani wao ni ukoo wa Mamba, kwa sababu mamba hula samaki, na samaki wakiisha mamba naye amekwisha. Mtani anaweza kukutukana mbele ya mkweo, nawe huruhusiwi kununa. Anaweza kuingia jikoni kwako mchana kweupe akatoka na kuku chini ya kwapa, na hakuna baraza litakalosikiliza mashtaka yako. Lakini siku ukifa, ndugu zako wa damu hukaa pembeni wakalia, na mtani ndiye anayechimba kaburi, anayekuosha na kukulaza. Anakulaza akiwa anakuimbia matusi. Maneno yenyewe, yakigeuzwa Kiswahili, ni kama haya:

Samaki una miiba, leo tumbo nalijaza;
kesho ukifa kwa shiba, ni mimi wa kukulaza.

Na mtoto wa Samaki, hata wa miaka mitano, hujua kujibu:

Mamba una meno mengi, na mswaki huujui;
ukifa hawaji wengi, nakuzika, hutambui.

Kwa hiyo huko mtu akikwambia atakuzika, hajakutisha. Amekwambia kwamba hutakosa mtu.

Shule yenyewe ilikuwa juu ya kilima, mbele ya mahali paitwapo Kafutuma. Wamisionari waliijenga kwa ajili ya watoto wao na watoto wa wazungu wengine waliofanya kazi mkoani: madaktari, wahandisi wa barabara, wataalamu wa uvuvi. Watoto wote walikuwa arobaini na wanne. Mwaka ule, kwa mara ya kwanza, walipokewa weusi watatu. Wawili walikuwa wana wa afisa wa serikali, nao kila alasiri walichukuliwa na Landrova kurudishwa kwao. Wa tatu alikuwa Chabu, aliyefaulu mtihani kuwapita watoto wote wa ufuoni. Yeye alilala bwenini, na katika bweni lile hapakuwa na ngozi nyingine kama yake.

Germaine hakutaka aende. Mumewe, Sampa, fundi wa mitumbwi, alisema mtoto ni wa ukoo wa mama, basi mjomba na aseme. Mjomba alikuwa amekwisha kusema. Alisema kwanza Chisenga, katikati ya wachuuzi, kabla hata hajamwuliza dada yake: mwezi wa kwanza mpwa wangu atakaa benchi moja na wazungu. Na neno likitamkwa Chisenga limekwisha kuvuka ziwa. Wenye mitumbwi walilipeleka Kongo, wenye baiskeli wakalipandisha bara, na halikuweza tena kurudishwa kinywani.

Siku ya kumpeleka, Mwenze alimpakia mtoto nyuma ya baiskeli, ambayo wao huiita kinga, pamoja na sanduku la bati. Penye mwinuko walishuka, yeye akasukuma, Chabu akashikilia sanduku.

"Bayama," Chabu aliuliza, maana ndivyo mjomba anavyoitwa huko kwa heshima, "na bakinitukana?"

Mwenze alikuwa anahema. Jibu lilikuja lenyewe, na lilimpendeza kabla halijaisha.

"Bakikutukana, sema ni banungwe. Sema ni ukoo wa Mamba, wamepaukia mu mayi ya ziwa. Cheka kuwapita! Mutu akizidi, kamata bintu yake, mwambie utamuzika."

Chabu alicheka mpaka sanduku likayumba. Mwenze aliporudi Chisenga alilisimulia jibu lile, na wachuuzi wakapigana mapajani.

Alhamisi alipanda kilima chini ya mvua. Alifika saa tano, suruali ikiwa na tope hadi magotini, juu yake koti la Jumapili. Mwalimu mkuu alimpa kiti. Alikuwa mzungu mwembamba wa miaka sitini, aliyeishi Katanga miaka kumi na mitano mpaka vita vya mwaka wa sitini na nne vilipomfukuza. Kiswahili chake kilikuwa safi, cha Biblia, hakina vumbi la soko.

Juu ya meza vilipangwa vitu vinne kama bidhaa: biki, yaani kalamu ya wino, sweta la kijani, kofia na chupa ya jamu iliyobaki nusu. Chabu alisimama karibu na ukuta, amevaa soksi nyeupe. Alikuwa amerefuka kidogo, au amekonda. Mwenze hakuweza kuamua.

"Bwana Mwenze, unaviona vitu hivi?"

"Ninabiona."

"Ni mali ya mwanafunzi wetu Roger. Cha tano kilikuwa nyama, na nyama ililiwa."

"Alichukua kwa kujificha?"

"Hapana. Hilo ndilo linalotushangaza. Alichukua mbele ya watu wote. Nyama aliitoa katika sahani ya kijana, chumba kizima kikitazama, naye alikuwa akicheka."

"Bwana, weye umeona mwizi wangapi wa kucheka?"

Mwalimu mkuu aliendelea. "Na alimwambia atamzika. Mama wa kijana ameniandikia barua mbili."

Ndipo Mwenze akaeleza. Alieleza ukoo wa Samaki na ukoo wa Mamba, kuku na jikoni, matusi na kaburi. Alieleza kwa mikono yote miwili, akainuka katika kiti, akaketi, akainuka tena. Mwalimu mkuu alivua miwani na kuifuta.

"Nilikaa Katanga miaka kumi na mitano," alisema. "Sikusikia habari hizo."

"Ulizika watu kule?"

"Wengi."

"Nani alikuwa anachimba?"

"Wakristo wa kanisa."

"Bakristo ya ukoo gani?"

Mwalimu mkuu alirudisha miwani usoni. Haikuonekana kwamba amekasirika. Alionekana kama mtu aliyeambiwa kwamba nyumba aliyoishi ilikuwa na chumba kimoja zaidi.

Mwenze akamgeukia mpwa wake. "Chabu. Ule mutoto alikuitaka nani?"

"Nyani," Chabu alisema. "Nikisimama kusoma, analia kama nyani. Wenzake nabo banalia."

"Tangu lini?"

"Tangu siku ya kwanza."

Mwenze aliinama juu ya meza, akavitazama vile vitu kimoja kimoja, bila haraka.

"Bwana, hapa naona biki. Naona kofia. Naona jamu. Nyani siioni. Mumeiweka wapi?"

"Ulikuwa mzaha wa watoto."

"Vizuri! Kama ni mzaha, basi ni munungwe wake, na hii bintu yote ni haki yake, hata jamu. Kama haina munungwe, ile ni tusi, na tusi kwetu iko na kesi. Chagua moja. Hauwezi kukula zote mbili."

Mvua ilikuwa imepungua. Nje mtu alifagia maji barazani.

"Maneno yako yana akili," alisema mwalimu mkuu. "Lakini siwezi kumwandikia baba yake Roger kwamba mwanawe ni mamba. Saa nane watoto wanapanga mistari kabla ya kurudi darasani. Chabu atasema mbele yao kwamba aliiba na kwamba anatubu. Akisema, atabaki, na neno hili sitalitaja tena. Asiposema, utamchukua leo."

"Na Roger?"

"Roger nitazungumza naye faragha."

Mwenze aliomba kusema na mpwa wake nje. Walisimama chini ya paa, karibu na tangi la maji ya mvua. Mjomba alikuwa bado amejaa moto wa maneno yake. Aliona kwamba amemweka mzungu kwenye kona, na alijua ni kina nani Chisenga watakaotaka kusikia.

"Umeona vile nilimufunga? 'Bakristo ya ukoo gani?' Alikosa pa kupitia!"

Chabu hakucheka.

"Bayama, ule haina munungwe," alisema, yaani Roger si mtani.

"Najua. Ile nilisema juu ya kumufunga tu."

"Hapana. Mi nilijua tangu siku ya pili. Munungwe akikutukana, anakuangalia weye, anangoja umurudishie. Ule akinitukana anaangalia wenzake."

Mwenze alimtazama.

"Sasa juu ya nini uliendelea?"

"Juu uliniambia," Chabu alisema. Kisha akatazama soksi zake, ambazo matone yalikuwa yameanza kuzichafua. "Tena nikisema ni munungwe, naweza kukula. Siku nikiacha kusema, chakula hakipiti ku koo."

Mwenze alikuwa mtu wa maneno. Tangu ujana alijivunia kwamba hajawahi kwenda sokoni akakosa la kusema. Sasa alitafuta na hakupata. Aliliona lile jibu lake la barabarani jinsi lilivyokuwa. Lilikuwa jibu la mtu anayesukuma baiskeli, asiyetaka kusimama. Mtoto alilichukua akalivaa miezi miwili na nusu, kila mlo, peke yake, na yeye mjomba akalisimulia watu wacheke.

"Twende nyumbani," alisema mwishoni. "Sanduku iko wapi?"

"Na kule Chisenga utasema nini?"

"Nitasema nilikosa."

Chabu akamtazama, maana neno hilo hakuwahi kulisikia likitoka kwake. Lakini alitikisa kichwa.

"Sitaki kurudi. Hesabu niko wa pili. Wa kwanza ni Anna, mutoto ya munganga. Nataka kumupita."

"Basi utasema uliiba?"

"Hapana. Sikuiba."

Kwa hiyo mambo yakawa hivyo: mtoto hataki kuondoka na hataki kusema neno litakalomruhusu kubaki. Mwenze aliegemea tangi, baridi ya bati ikapita katika koti. Alitafuta njia katika desturi, kwa kuwa ndiko alikozoea kutafuta, na safari hii alitafuta pole pole. Mtoto wa dada akikosa, huko ufuoni, hashtakiwi mtoto. Anaitwa mjomba. Yeye ndiye anayesimama barazani, yeye ndiye anayejibu, na mtoto hukaa nyuma yake na kunyamaza.

Alirudi ofisini bila kubisha mlango.

"Bwana, kwetu mutoto ya dada akifanya kosa, mujomba njo anajibu. Hii kosa ni yangu. Mi njo nitasimama mbele ya batoto, nitaomba pardon. Chabu haiko na neno ya kusema."

Mwalimu mkuu alitazama saa yake, kisha akamtazama mtu yule, tope lake na koti lake. Pengine aliona kwamba mtu mzima akitubu ni zaidi ya alivyotarajia kupata. Pengine alichoka. "Vema," alisema. "Wewe utasema kwa Kiswahili, mimi nitafasiri."

Saa nane watoto walipanga mistari barazani. Wana wawili wa afisa walikuwa mstari wa nyuma, wanatazama viatu vyao. Roger alikuwa mstari wa pili, kijana wa miaka kumi na miwili mwenye masikio yaliyochomwa na jua. Mwenze alimtambua kwa jinsi wengine walivyomgeukia. Hakuwa na meno makubwa. Alikuwa mtoto tu.

Mwenze alivua kofia.

"Mi ni mujomba ya Chabu. Bile bintu, ni mimi nilimwambia achukue."

Mwalimu mkuu akafasiri.

"Nilimwambia ninyi ni banungwe wake, ndugu wa kutukanana na wa kuzikana. Nilikosa. Namuomba Roger pardon juu ya bintu yake yote. Hata nyama."

Mwalimu mkuu akafasiri, na kwenye nyama watoto kadhaa wakacheka. Roger alitabasamu, akamtazama jirani yake wa kulia, kisha wa kushoto.

"Sasa nimejua ninyi haina banungwe. Kwa hiyo kuanzia leo mchezo umekwisha. Mutu akimwita huyu mutoto nyani, ametukana ukoo, na mi nitarudi hapa na wakubwa wetu, tutakaa ku baraza hii mpaka tupewe jibu."

Mwalimu mkuu alisema maneno machache, tena kwa sauti ya upole. Mwenze hakujua Kiingereza cha kutosha kumshtaki, lakini alijua kupima mzigo kwa jicho: alichokuwa ametoa yeye kilikuwa gunia, na kilichowafikia watoto kilikuwa kikapu. Katika kile kikapu alilitambua neno moja tu, ambalo wachuuzi wa Kizambia walimwitia walipotaka kupunguziwa bei. Neno la "rafiki".

Alikuwa anafungua kinywa alipoona mkono umeinuka. Chabu alikuwa amenyoosha mkono juu, wima, kama wanavyofundishwa darasani. Mwalimu mkuu, kwa mazoea ya miaka mingi ya kuona mikono, akamwashiria aseme.

Chabu alitoka kwenye mstari. Alisema kwa Kiingereza, hakupaza sauti wala hakuharakisha. Alisimama alipokuwa amesimama mjomba, akasema sehemu iliyokuwa imeachwa, yote, na alipofika mwisho alimgeukia mwalimu mkuu akamwuliza kitu. Baadaye alimweleza Mwenze kwamba alimwuliza, "Nimefasiri sawasawa, mwalimu?"

Upepo uligeuza kurasa za daftari la mtu.

"Yes," alisema mwalimu mkuu.

Neno hilo Mwenze alilijua.

Hakuna aliyecheka. Roger alimtazama jirani yake wa kulia, kisha wa kushoto, na wote wawili walikuwa wanatazama sakafu. Kengele ikapigwa. Mistari ikaingia darasani, na Chabu akaingia nayo, baada ya kupiga magoti kidogo mbele ya mjomba na kupiga makofi mawili ya heshima. "Mufike bulongo, bayama." Alimtakia hivyo afike salama, kama msichana mkubwa anavyomuaga mgeni. Mfagizi alimwomba Mwenze aondoe baiskeli yake kwenye maua, naye akaiondoa.

Alifika Kabuta jua likiwa bado juu. Germaine alimpa maji, akangoja anywe.

"Wamemufukuza?"

"Hapana. Amebakia."

"Alikubali ni mwizi?"

"Hakukubali! Germaine, ungeona ule mutoto. Alisimama mbele ya bazungu wote..." Akasimulia, na alisimulia vizuri, kwa sauti ya kila mtu, ila kwenye tangi la maji sauti ilishuka. Alifikiri kuliruka jambo la chakula. Hakuliruka. Alilisema lote, na lile jibu la barabarani pia, akabaki ameshika kikombe kitupu.

Germaine hakumlaumu. Hakusema lolote kuhusu hotuba, wala kuhusu mkono ulioinuka. Alikuwa na swali moja.

"Na sasa, kama haina munungwe tena, anakulaka namna gani?"

Mwenze aliweka kikombe chini.

"Siku gani wanaruhusu bamama kufika?"

"Sikuuliza."

Germaine alikwenda kwenye uchanja, akaanza kuchagua samaki wakubwa wa aina ya mpale waliokauka vizuri, akiwageuza kuwatazama pande zote mbili. Waliopasuka aliwaweka kando.

"Basi usipeleke hii kinga yako mbali," alisema bila kugeuka. "Kesho miye nitaenda kuuliza."